Nywele Chini ya Injini

Mimi hapa duniani hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimelisema hilo mbele ya watu wengi na sijaona aliyebisha. Niliishia darasa la tano, lakini leo vijana wenye digrii wanakuja ofisini kwangu na bahasha mkononi, na wananiamkia kabla hawajakaa. Nina malori sita. Nina nyumba hii ya Mirongo, hapa Mwanza, niliyoisimamia mwenyewe tofali kwa tofali, na fundi aliyetaka kuniibia saruji anajua nilimfanya nini. Nimeona mtu akilala na magunia mia mbili ya pamba akaamka na majivu. Nimeona bei ya sangara ikipanda alfajiri na kuanguka kabla watu hawajanywa chai ya saa nne. Nimedhulumiwa na mtu niliyekula naye sahani moja, na nikalala usingizi wangu kama kawaida. Kwa hiyo juzi, siku ya tatu ya msiba wa mdogo wangu Masalu, nilipopita nyuma ya turubai kwenda bombani kunawa mikono, sikutegemea kwamba maneno ya watu wawili waliokaa juu ya kreti za soda yangenifanya nishike ukuta.

Walikuwa wanakula wali na maharage, wamenipa mgongo. Mmoja ni dereva wangu mwenyewe, kijana ninayemlipa mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwenzake simjui. "Betri imekufa, bwana," dereva alisema. Mwenzake akauliza betri gani. "Ya mzee. Kumbe wewe ulifikiri haya malori yanatembea kwa dizeli tu? Huyu marehemu ndiye alikuwa anayavuta. Kichwa chake kiliuzwa zamani sana, kule Magu, kwenye mashine ya mpunga. Sasa kaa uone, mwaka hautaisha." Mwenzake akachota wali, akacheka kidogo. "Basi ongeza sahani, maana hii pilau ya arobaini tusiitegemee." Nilisimama pale na maji yakiendelea kumwagika bombani. Siyo kwamba sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Niliyasikia, tena nilikuwa wa kwanza kuyasikia. Kilichonipiga ni kwamba yule kijana alikuwa hajazaliwa. Maneno yamemsubiri miaka thelathini, yakamkuta mkubwa, akayapokea kama mtu anayepokea jina la ukoo.

Masalu amekufa kwa sukari. Ameacha mke na watoto wanne, na wa kwanza ni mwalimu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa karani wangu wa mizani, mtu wa sauti ya chini, ambaye wakulima walimpenda kuliko mimi kwa sababu hakuwahi kuweka kidole kwenye mzani. Kila jioni baada ya chakula alimeza vidonge vyake viwili, vya ugonjwa mwingine wa zamani, kwa glasi ya maji, mezani, mbele ya watoto, kama mtu anayemalizia na kipande cha papai. Hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama. Ukiona hivyo utadhani tulizaliwa na akili hiyo. Nataka niandike tulivyoipata, maana iko katika mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, serikali ilipokuwa imeachia biashara na kila mwenye mtaji wa mfukoni anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na ndevu tatu, na nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, pale Magu, kando ya barabara kuu.

Ile mashine niliifunga chini ya banda la mabati, injini ya dizeli upande mmoja na kinu upande wa pili, na mkanda mrefu ukipita katikati. Nyuma ya ukuta wa injini kulikuwa na chumba kimoja cha tofali mbichi, na humo alilala Masalu. Ndiye mwenye elimu katika nyumba yetu, alikuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, na mimi nilimpa daftari la wateja kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa kwenye kitabu. Kitanda chake kiligusa ukuta wa injini. Injini ikiwaka, kikombe cha maji kilichokuwa juu ya kiti chake kilitetemeka mpaka maji yakaweka duara ndogondogo, na vumbi la pumba lilipenya kwenye nyufa likatulia juu ya shuka, juu ya vitabu vyake vya shule, juu ya nyusi zake. Mimi na mke wangu, Mama Neema, na mtoto wetu tulilala nyumba kubwa, ng'ambo ya ua. Nilimwona Masalu kuwa mtu mwenye bahati. Chumba chake mwenyewe, mlango wake mwenyewe, kazi ya kukaa kwenye kiti.

Sasa, kwetu wakati ule mtu hafungui mashine hivihivi. Hata waliokuwa wanasimama mbele kanisani Jumapili walikuwa na kitu chao chini ya kizingiti. Nilimleta mganga kutoka ng'ambo ya Busisi, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi. Alipasua kuku, akatazama ndani yake kwa muda mrefu, akasema pahali ni pazuri ila macho ya watu ni mengi. Akataka nywele za kila mtu anayelala ndani ya ua ule, ili dawa itufahamu na itulinde. Mimi, Mama Neema na mtoto tulikatwa kidogo kwa ncha ya wembe. Masalu siku ile alikuwa ndiyo kwanza ametoka kunyolewa kipara, nywele zake zote ziko juu ya gazeti, kwa hiyo yeye alitoa kiganja kizima. Tulicheka. Mama Neema alimwambia, "Shemeji, wewe umechangia kama kwenye harusi." Mganga aliziweka zote kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vitu vyake, kopo likaingia shimoni, na juu yake fundi akamwaga zege la kukalia injini. Nikaisahau habari hiyo siku ileile, kwa sababu foleni ilianza kesho yake na haikukatika. Mchele wangu ulitoka mrefu, mweupe, hauna chenga. Watu waliacha mashine mbili njiani wakaja kwangu. Mimi nilijua sababu: nilikuwa nabadilisha chekecheke kabla hazijaisha, na sikumruhusu mtu mwingine kugusa spana.

Msimu wa kwanza ukapita. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nilifungua daftari la Masalu kutafuta jina la mteja aliyedai magunia yake, nikakuta chini ya kila jina kuna mstari wa maneno kwa mwandiko uleule mzuri. *Injini imesema Masalu. Injini imesema Masalu njoo. Injini imesema Masalu umetoka wapi.* Kurasa kumi na moja. Nilisoma nimesimama. Nilipomuuliza alinitazama kama mimi ndiye niliyekuwa nauliza jambo la aibu. "Kwani wewe husikii, kaka?" Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Injini ikiwaka alishika masikio na kulia, machozi ya mtu mzima, mbele ya wanawake wenye madebe. Injini ikizimwa alitulia, akaweza hata kukuuliza habari za mtoto. Halafu akakataa wali. Mama Neema alimpakulia wali na samaki, Masalu akaisukuma sahani kwa kidole kimoja. Alisema hawezi kula kitu kilichotoka kichwani mwake. Mama Neema akatazama sahani, akanitazama mimi, akaenda jikoni kumsongea ugali, na nilimsikia kule ndani akipiga mwiko kwenye sufuria kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Kila aliyekuja kutupa pole alikuja na chanzo chake. Jirani yetu alisema ni malaria imepanda kichwani, tumpe majani ya mwarobaini. Katekista alisema ni mapepo, na akauliza kwa upole kama kuna kitu tumefukia, nami nikamjibu hapana huku nimekaa hatua kumi kutoka kwenye kitu chenyewe. Shangazi yetu, aliyekuja na kuku wawili kwapani, alisema babu mmoja hajarithiwa jina, anadai. Mwalimu mstaafu aliyekuwa anaazima kiti chetu alisema ni elimu, kichwa kimejaa kupita kiasi, na akanishauri nimfichie vitabu. Nilimfichia. Kila mmoja alikula, akanywa chai, akaondoka akiwa na hakika. Na mimi nilikubaliana nao wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyesema neno nililokuwa naliogopa.

Nikampeleka Busisi kwa yuleyule mzee. Tulivuka na kivuko, Masalu amekaa katikati yangu na gunia la mahindi niliyopeleka, ametulia kabisa, anatazama maji. Kule kwa mganga kulikuwa na ua mkubwa wa mabua na wagonjwa kama ishirini. Kila mgonjwa alikuwa amekaa chini, mguu mmoja umepitishwa kwenye tundu la gogo zito, ili asikimbie. Nilikaa siku nne. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa kwenye sinia moja, wagonjwa na waliowaleta, na mikono ilipokutana kwenye kitoweo usingejua yupi ni yupi. Masalu hakulalamika juu ya gogo. Aliniambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba hapa injini anaisikia kwa mbali, kwa hiyo ni afadhali.

Siku ya tatu nilikaa na mwenye duka mmoja wa Geita aliyemleta binti wa dada yake. Mtu mnene, saa ya dhahabu mkononi, aliyependa kuongea huku anatazama pembeni. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, tena kwa majivuno, magunia mangapi kwa siku na foleni inafika wapi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Basi mimi na wewe tuko sawa," alisema. Nikamuuliza sawa vipi. "Usijifanye mgeni, kijana. Nakupa ushauri wa bure. Mtibu atulie, asivue nguo, asipige watu. Lakini asipone kabisa. Mimi nilikuwa na mdogo wangu, nilimponya kabisa, akawa mzima kama wewe. Duka la kwanza lilikufa mwezi uleule. Huyu niliyemleta sasa namtibu kwa akili." Alisema hivyo akiwa anamenya muwa, na kipande cha kwanza alinipa mimi. Nilikipokea. Nilikitafuna. Watu wananiuliza ni kitu gani kibaya nimewahi kufanya katika biashara, nami huwa natoa hadithi za mizani na za leseni. Kibaya ni kile kipande cha muwa. Kwa sababu mwili mzima ulinisisimka kwa mshtuko, na pamoja na mshtuko huo nilikuwa nasikiliza.

Nilirudi naye Magu akiwa amekonda na kovu kwenye kifundo cha mguu. Injini ilipowashwa alianza kulia palepale alipokuwa ameachia. Mama Neema hakuniuliza. Alimvalisha shati safi, akambeba mtoto mgongoni, akapanda naye basi kwenda hospitali mjini Mwanza. Alirudi jioni na bahasha ya vidonge na maneno machache. Alisema sista mmoja mzee alimuuliza Masalu maswali mengi: analala saa ngapi, sauti ni za nani, zinamwamuru nini, zinamtukana au zinamwita tu. "Halafu?" nikamuuliza. "Halafu akasema huu ni ugonjwa." "Ugonjwa wa nani?" "Wa Masalu, Baba Neema." "Nauliza nani kautuma." "Hakuuliza mambo hayo. Alisema ni ugonjwa kama sukari, unampata mtu tu, na hii dawa ameze kila siku, na kuna mtu wa kumwangalia anapomeza." Nilicheka. Ugonjwa usio na mwenyewe sikuwa nimewahi kuusikia. Kwetu hata kuumwa jino kulikuwa na mtu nyuma yake. Lakini nilisema sawa, kazi ya kumwangalia nitaifanya mimi, mimi ndiye kaka yake.

Msimu ukafunguka, magunia yakaanza kushuka kutoka kila upande. Kila jioni nilimpelekea Masalu kidonge na kikombe cha maji, nikasimama mlangoni. Niliona kiganja kikipokea. Halafu nilitazama nje. Nilitazama mkanda kama umechanika, nilitazama pipa la dizeli, nilitazama chochote, mpaka nisikie kikombe kikirudishwa kwenye kiti. Mwezi wa pili wa kumpa dawa nilikwenda mwenyewe kuchukua nyingine. Sista alisema angetegemea nafuu kubwa zaidi kufikia hapo. Akaniuliza, "Nani anamsimamia anapomeza, kaka?" Nikasema mimi. "Unamwona kwa macho?" Nikasema namwona. Aliandika kwenye kadi, nami nikatoka nje nikanunua karanga na kuzila zote nikiwa nimesimama, kama mtu aliyenusurika.

Siku moja ya katikati ya msimu nilikuwa nimeinama nyuma ya lundo la magunia, nashona gunia lililopasuka. Upande wa pili alisimama Mama Kabula, mteja wangu wa tangu siku ya kwanza, mama wa heshima, mimi na mke wangu tulikuwa tunampa shikamoo. Alikuwa na mwanamke mgeni. Injini ikawashwa, na kutoka chumbani kilio cha Masalu kikaanza. Mgeni akauliza ni nini. "Ndiye huyo," Mama Kabula akasema. "Mdogo wake tajiri. Ikiwashwa tu, anazungushwa. Kichwa chake ndicho kinachovuta ule mkanda." Mgeni akageukia chumba. "Masikini. Na wewe unaleta mpunga wako hapahapa?" "Sasa niupeleke wapi? Zile nyingine zinakata mchele, zinatoa chenga tupu. Yenye mtu ndani yake ndiyo inakoboa." Akasogeza debe lake mbele, zamu yake ilikuwa imefika. Nilibaki nimeshika sindano ya gunia. Nilikuwa tayari kwa chuki, nilikuwa tayari kwa woga, hata kwa kuchomewa banda. Sikuwa tayari kwa hilo. Ile foleni niliyojivunia, iliyofika mpaka barabarani, ilikuwa imejipanga mbele ya kilio cha mdogo wangu, kila mtu anakisikia, kila mtu anasubiri zamu yake.

Niliinuka, nikapima, nikapokea hela. Ilibidi ifike Jumapili, siku ambayo mashine hailii, Mama Neema alipochukua mto wa Masalu kwenda kuufua. Aliona mshono umefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi wa gunia. Aliufungua. Alikuja uani na ungo, ule wa kuchagulia mchele, na juu ya ungo kulikuwa na sufi na vidonge. Akakaa kwenye kigoda akaanza kutenga sufi huku na vidonge huku, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Hakunitazama. Vilikuwa karibu vyote. Kidonge cha jana kilikuwa bado na unyevu.

Nilimkuta Masalu amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, ametulia kama walivyo watu siku ya mapumziko. Nikamuuliza, "Masalu, kwa nini humezi dawa?" Akafikiri kwanza. "Nilimeza siku mbili za mwanzo, kelele zikapungua." "Si ndicho tunachokitaka?" "Zikipungua zote, nayo itazima." "Nini itazima?" "Injini, kaka. Nani atamlisha Neema?" Alisema hivyo bila lawama, kama karani anayemkumbusha mwenye mali jambo lililoandikwa. Nikamwambia hayo ni maneno ya barabarani. Akatikisa kichwa. "Nywele zetu zote ziko pale chini. Zangu ndizo nyingi. Inakula za kwangu kwanza, ikimaliza itakuja kwa mtoto. Ndiyo nikasema niivumilie polepole." Halafu akasema lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahisi kama mtu amenimwagia maji ya baridi shingoni. "Na wewe unajua. Ungekuwa hujui, ungenitazama nikimeza. Unanipa kidonge halafu unageuza uso. Nikajua tumekubaliana."

Tumekubaliana. Mimi niliyejiona mjanja wa wilaya nzima. Mdogo wangu alikuwa amekaa ndani ya moto ule miezi mitatu, kwa makusudi, akiwa na maji ya kuuzimia ndani ya mto wake, kwa sababu aliona kwenye mgongo wangu kwamba ndivyo ninavyotaka. Nilitoka nje uani. Mama Neema alikuwa amemaliza kutenga. "Umesikia?" nikamuuliza. "Nimesikia," akasema. "Na mimi nakuuliza leo, Baba Neema, nikujue. Unaamini au huamini?" Ningependa kuandika kwamba nilimjibu siamini. Nilimwambia sijui.

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Niliingia bandani, nikafungua boliti nne za injini, na mimi na wapakiaji wawili tukaiviringisha pembeni juu ya magogo. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza, "Tajiri, imekufa?" Nilimtoa Masalu chumbani kwa mkono, nikamkalisha juu ya gunia mahali ambapo ataona vizuri, nikachukua nyundo na mtalimbo nikaanza kuvunja zege. Nilivunja mpaka viganja vikatoa damu. Wateja walisogea, wakazunguka, kisha walipoelewa natafuta nini wakarudi nyuma wote kwa pamoja, hatua tatu au nne, madebe yakagongana. Mama Kabula alikuwepo. Kopo lilikuwa na kutu lakini halijatoboka. Nilifungua kifuniko kwa ncha ya bisibisi nikampa Masalu mikononi.

Alilishika muda mrefu. Ndani kulikuwa na unga wa mkaa, mfupa wa kuku, na nywele. Aliweka kitambaa juu ya magoti akaanza kuzitenga. "Hizi laini za Neema," alisema. "Hizi za shemeji. Hizi zako, kaka, ngumu." Kisha akatoa za kwake, akazikusanya, akaziweka kwenye kiganja. Zilijaa kiganja. Akakifumba, zikachomoza kati ya vidole kama zilivyochomoza siku ile mbele ya mganga. Akakifumbua tena. Akaangalia ndani ya kopo kama kuna nyingine, hakuna. "Hazijapungua," alisema. Nilimwambia, hazijapungua. "Msimu mzima, na nusu ya msimu." Ndiyo, nikasema. Alinitazama usoni, na mara hii na mimi nilimtazama, sikugeuza. "Basi ilikuwa inakula nini?" "Dizeli, Masalu. Inakula dizeli tu." Akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, cha mtu aliyeona amekosea hesabu ukurasa wa kwanza na kulibeba kosa hilo mpaka mwisho. Akanyoosha mkono. "Leta maji," alisema, na Mama Neema alikuwa tayari ameshika kikombe. Nilimtazama akimeza. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Na nilifanya hivyo kila jioni mpaka akaoa, mkewe akaniambia sasa inatosha shemeji.

Hakupona kesho yake. Alilala sana, mikono ikamtetemeka, sista akabadilisha kipimo. Sauti zilikwenda zikififia kama redio yenye betri chakavu, na hazikuisha zote kabisa. Miaka ya baadaye aliniambia kuna moja humwita jina lake asubuhi, nayo huiitikia tu, basi inaondoka. Injini niliirudisha juu ya zege jipya lisilo na kitu chini yake, nikaiwasha, ikanguruma vilevile, ikatoa mchele uleule, mrefu, mweupe. Niliwaonyesha watu. Nilichota kiganjani nikapita nao kwenye foleni. Mama Kabula alitazama zege jipya. "Kwa hiyo umeitoa," alisema. Nikasema nimeitoa, mama. "Umefanya vizuri, Mungu akubariki, mtoto wa watu amepumzika." Akamwambia kijana wa baiskeli apakie gunia lake, wakaenda kwenye mashine ya pili. Juma lile foleni iliisha. Wale walionilaani kwa kuwa na dawa walinikimbia kwa kuitoa. Mashine ilisimama mpaka panya wakazaa ndani ya kinu, na mwezi wa kumi na moja niliiuza kwa mtu wa kutoka mbali ambaye hakuwa amesikia habari zake. Kutoka hapo nilikuja mjini nikaanza kubeba magunia ya watu wengine, na haya mnayoyaona niliyajenga kwa mikono hii.

Sasa juzi, pale nyuma ya turubai, nilifunga bomba. Nikavuta kreti nikakaa katikati ya wale wawili. Dereva wangu akasimama na sahani yake, akasema shikamoo mzee, nikasema marahaba, kaa chini ule. Nikamwambia, "Mwanangu, nimesikia hesabu zako. Unasema nilimuuza mdogo wangu kule Magu." Kijiko chake kikasimama hewani. "Usiogope. Nauliza tu kama mfanyabiashara. Aliuzwa shilingi ngapi?" Akasema hajui, mzee, ni maneno ya watu tu. Nikamwambia maneno ya watu lazima yawe na bei, na kama hawaijui mimi ninayo, waipeleke huko wanakoyapeleka mengine. Ile mashine niliinunua kwa milioni moja na laki mbili. Niliiuza kwa laki saba na elfu arobaini, bila kubishania bei. Tofauti yake ndiyo bei ya Masalu, na aliyeilipa ni mimi: shilingi laki nne na elfu sitini.